Hesabuni nyaya, msihesabu vichwa jukwaani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Wakazi wa Dodoma wanaosafiri mijini na kuingia kwenye maonesho ya roki nzito wanaongezeka. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi imekuwa ya takriban saa nne. Wapo wanaofika hadi Nairobi, na wapo wanaotumwa semina au masomo Uingereza na Marekani, ambako kundi la watu wawili, mmoja na dramu na mwenzake na gitaa, ni jambo la kawaida kabisa. Wakirudi, lawama ni ile ile: kiingilio kikubwa, watu wawili tu, na sauti yote ile lazima ilikuwa pleibeki, yaani muziki uliorekodiwa.

Sisi ni mafundi mitambo, na lawama hiyo inatuuma, maana inawanyima haki watu wanaofanya kazi ngumu kuliko bendi ya watu watano. Sauti ile nene inaweza kutoka kwenye mikono minne, na njia inayopita inaonekana kwa macho ukijua pa kuangalia. Linalotutia wasiwasi ni siku kundi kama hilo litakapopiga Dodoma, kwa sababu kumbi zetu nyingi zitaliharibia.

Tuanze na Royal Blood, wa pwani ya kusini ya Uingereza, upande wa Brighton na Worthing. Mike Kerr anaimba na kupiga gitaa la besi, Ben Thatcher anapiga dramu. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2014 na kushika namba 1 Uingereza, na wengi walioisikia walidhani kuna mpiga gitaa la solo ndani yake. Hayupo. Kerr kwa muda mrefu hakupenda kutaja pedali zake zote, yaani visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu, lakini kanuni anayotumia inajulikana kwa fundi yeyote.

Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82, yaani oktavu moja juu. Mpigaji anachukua sauti ya besi na kuigawa njia mbili. Njia ya kwanza inakwenda moja kwa moja kwenye amplifaya ya besi, safi, bila mkwaruzo. Ya pili inapita kwenye pedali ya oktavu inayopandisha noti, kisha pedali ya mkwaruzo, kisha amplifaya ya gitaa. Mkono mmoja unabonyeza noti moja, na zinatoka sauti mbili zinazokwenda sambamba, kwa sababu mpigaji ni yule yule.

Ugumu uko kwenye kugawa. Ukikwaruza sauti nzima ya besi bila kuikata kwanza, zile noti za chini kabisa huvimba na kumeza kila kitu, na msikilizaji anapata mngurumo usio na wimbo. Ndiyo maana njia ya pili hukatwa sehemu ya chini kabla ya kufika kwenye mkwaruzo. Halafu kuna pedali zenyewe. Zile za oktavu za kizamani hufuata noti moja tu kwa wakati. Ukigusa nyuzi mbili pamoja zinababaika na kutoa mkoromo. Za kisasa hufuata noti nyingi, ila nazo husuasua chini kabisa, kwa kuwa wimbi moja tu la E huchukua milisekunde 24 kukamilika na mashine haiwezi kuitambua noti kabla haijaiona. Mpigaji mzuri anajua hili, kwa hiyo pale anapotaka kasi anapiga juu kidogo kwenye shingo ya gitaa. Ukimwona mkono wake wa kushoto unapanda kila wimbo unapokimbia, hiyo ni mojawapo ya sababu.

Wengine wamefika huko kwa njia nyingine. Jack White wa The White Stripes, kundi la Detroit alilounda na Meg White, alifanya kinyume: katika “Seven Nation Army” ya 2003 alishusha gitaa oktavu moja kwa pedali ya Whammy, na watu mpaka leo wanaapa wanasikia besi. Scott Lucas wa Local H, kutoka Illinois, aliweka ndani ya gitaa lake pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) ya besi, sauti ya nyuzi nene ikaenda kwenye amplifaya ya besi wakati nyingine zinakwenda kwenye ya gitaa. Na msidhani mambo haya ni ya ng’ambo tu. Duma, wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao 2020 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hapo mmoja anapaza sauti hadi koo linakwaruza na mwenzake anaendesha mitambo na gitaa. Hawa walikuwa na mashine zinazopiga zenyewe, na hawakuficha. Asiyejua kutofautisha atawaweka wote kapu moja na mwimbaji anayefungua mdomo juu ya sidii.

Hapa nyumbani pia tusijifanye wageni. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeupeleka muziki wetu dunia nzima hadi alipofariki Desemba 2003, alipiga na Charles Zawose wakiwa wawili tu, na ukumbi ukajaa. Itazame ilimba ya Kigogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa karibu. Kwenye ubao wake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Noti ikipigwa, utando unatetemeka na kuongeza mlio wa kukereza juu ya sauti safi ya chuma. Utando huo ukikauka na kupasuka, ilimba inabaki na noti lakini inakosa uhai, na mpigaji hulazimika kuliziba tundu upya. Pedali ya mkwaruzo inafanya kazi hiyo hiyo. Mtu wa Chamwino aliyekulia kwenye ilimba na ngoma za muheme anayo masikio ya kuisikiliza roki nzito kuliko anavyodhani.

Sasa, umefika mjini na tiketi iko mkononi. Ingia mapema, milango inapofunguliwa, usogee mbele kabla mwanga haujazimwa. Tazama nyuma ya mpiga besi. Ukiona amplifaya mbili au tatu za aina tofauti, moja yenye spika kubwa za inchi 15 au nne za inchi 10 na nyingine yenye spika za inchi 12, na kila moja ina maiki yake, umeshajua sauti inagawanywa. Tazama chini miguuni: ubao wa pedali, waya mmoja unaingia, miwili au mitatu inatoka. Sasa mtazame mpiga dramu. Akivaa vispika vya masikioni na kando yake kuna kompyuta, huenda wanafuata mdundo uliorekodiwa, na huenda kuna sauti za nyongeza. Asipokuwa navyo, na wimbo unakimbia kidogo kwenye kiitikio kisha unarudi, unasikiliza watu wawili wanaoviziana macho.

Kaa mbele nyimbo mbili au tatu, kisha rudi nyuma. Mbele kabisa unasikia amplifaya za jukwaani na dramu lenyewe, lakini sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa za pembeni zinazopita juu ya kichwa chako, kwa hiyo utalalamika haimbi vizuri. Mahali pazuri ni karibu na fundi mitambo alipoweka mikseri yake, kwa kawaida theluthi mbili ya ukumbi kutoka jukwaani, katikati. Anachosikia yeye ndicho anachokirekebisha.

Usiegemee ukuta. Hili watu hawalijui, na kwa kundi linalotegemea besi ndilo linaloamua kama umesikia muziki au hukusikia. Wimbi la E ya besi lina urefu wa mita 8 na theluthi moja hivi kwenye joto la jioni za kawaida. Ukumbi wenye upana unaolingana na urefu huo huligeuza likarudi juu yake lenyewe: ukutani noti inajaa mpaka kifua kinabana, na mita 2 tu kutoka ukutani inapotea karibu yote. Watu wawili wa familia moja wanaweza kusimama umbali wa mita 2, mmoja akasema besi ilizidi na mwenzake akasema haikuwepo, na wote wamesema kweli. Ukihisi kuna noti inakosekana, sogea hatua mbili upande wowote kabla hujamlaumu mtu.

Masikio yako ndiyo pekee utakayorudi nayo nyumbani. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unapungua nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 94 una saa 1, na kwenye 100 una dakika 15. Shirika la Afya Duniani katika kiwango chake cha 2022 kwa kumbi za burudani limeweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Onesho la roki nzito huchukua dakika 75 hadi 90. Nunua vizibo vya sponji kwenye duka la dawa kabla ya safari. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize, kisha kishike kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kivimbe ndani. Kikibaki nusu nje hakizuii chochote cha maana. Pamba ya kawaida haisaidii. Vipo pia vizibo vya wanamuziki, bei yake juu kidogo, vinavyopunguza sauti kwa usawa bila kuufanya muziki usikike kama umefunikwa blanketi. Masikio yakivuma baada ya onesho, yape kimya. Yakiendelea kuvuma siku ya pili, nenda kwa daktari wa masikio.

Kuhusu safari yenyewe hatuna mengi. Maonesho huisha usiku mwingi, kwa hiyo panga kulala karibu na ukumbi na ukate tiketi ya treni ya kesho yake. Uliza pia kama ukumbi unaruhusu begi. Kumbi nyingi za miji mikubwa hukataa begi la mgongoni mlangoni, na mtu aliyetoka stesheni moja kwa moja anaachwa nje akitafuta pa kulihifadhi.

Lililotufanya tuandike ni hili la nyumbani. Dodoma ni makao makuu ya nchi. Tuna Uwanja wa Jamhuri, tuna Chinangali Park, tuna kumbi za mikutano na za harusi kila mtaa. Wenye kumbi wanaogopa roki nzito kwa sababu wanadhani inahitaji mitambo mingi. Kundi la watu wawili linahitaji mitambo michache kuliko bendi ya dansi. Hesabuni nasi: kiki (ngoma kubwa ya mguu) maiki 1, sneya (ngoma ndogo ya mkwaju) 1, ngoma za tomu 2, juu ya matoazi 2, waya wa moja kwa moja wa besi 1, maiki ya amplifaya ya besi 1, ya amplifaya ya gitaa 1, waimbaji 2. Jumla 11. Mikseri ya chaneli 16 inatosha na inabaki na 5.

Kinachoharibu ni mazoea. Fundi aliyezoea pleibeki akiona neno besi kwenye karatasi anakusanya nyaya zote za besi kwenye chaneli moja, anaminya sabufa hadi mwisho, na ile njia ya pili, ambayo ndiyo gitaa la kundi hilo, inazama. Kila njia iwe na chaneli yake. Ile safi iende kwenye sabufa. Ile ya mkwaruzo ikatwe chini na isifike huko kabisa.

Halafu kuna kupingana kwa mawimbi, na hapa tunaomba mafundi wenzetu wachukue futi kamba. Waya wa moja kwa moja hauchelewi. Maiki iliyowekwa sentimita 43 mbele ya spika inachelewa kiasi kwamba mawimbi ya 400 kwa sekunde yanafika yakiwa yamegeuka, na mikseri ikiyajumlisha yanafutana. Besi inakonda, fundi anaongeza sauti, inakonda zaidi. Sogeza maiki hadi sentimita 3 au 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, kisha bonyeza kitufe cha kugeuza mawimbi kwenye chaneli moja usikilize ni upande upi umejaa. Kazi ya dakika 2.

Sabufa mbili zilizowekwa kushoto na kulia mwa jukwaa, mbali na kila moja, hutengeneza mstari wa besi katikati ya ukumbi na mashimo pembeni. Wekeni zote pamoja katikati, chini ya jukwaa, zigusane.

Umeme wa Dodoma unataka heshima ya pekee. Mpiga besi wa namna hii ana amplifaya mbili, na akichomeka moja kwenye soketi ya kulia na nyingine ya kushoto, athi zinakutana kupitia nyaya zake za gitaa na mvumo unaanza. Mvumo wa umeme wetu uko kwenye mara 50 kwa sekunde, na noti ya G ya besi iko kwenye 49. Huwezi kuukata mvumo kwenye ikwalaiza bila kuikata noti. Dawa ni kuchomeka amplifaya zote mbili kwenye soketi moja, na kutumia kigawanyishi chenye transfoma ndani. Taa za jukwaa zikae kwenye laini nyingine. Mtu yeyote asikate wala kuziba pini ya athi ya plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo utaondoka, na mwimbaji anayegusa maiki kwa mdomo huku ameshika gitaa anaweza kupigwa na umeme akafa. Athi ikatwe kwenye kitufe cha boksi la DI tu, kile kisanduku kinachopeleka waya wa moja kwa moja wa besi kwenye mikseri, ambalo halina umeme mkubwa.

Na athi yenyewe ipimwe. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi yetu inakauka kama tofali, na fimbo ya shaba iliyofanya kazi vizuri masika inakuwa imesimama kwenye vumbi. Loweka shimo lake kwa maji yenye chumvi siku moja kabla, halafu fundi umeme apime upya. Mikseri ifunikwe kwa kitambaa kizito mpaka dakika ya mwisho, hasa Agosti na Septemba, upepo unapobeba mchanga mwekundu. Chembe zikiingia kwenye vitelezi, kila ukisogeza kimoja spika zinapasua mlio. Nje, upepo huo huo hupeperusha sauti za juu, na hewa kavu huzila, kwa hiyo spika zisipige mbali sana. Sogezeni watu karibu.

Ndani, adui ni bati, vigae na vioo. Dramu peke yake, bila maiki, ndani ya ukumbi mtupu wa vigae huchanganya kila pigo na lililotangulia. Tundikeni mapazia mazito nyuma ya jukwaa, tandikeni zulia chini ya dramu ambalo pia linazuia kiki isitembee, na mjaribu mitambo mkijua kwamba watu wakijaa miili yao itameza sauti za juu, hivyo kile kinachoonekana kikali kidogo saa 11 jioni kitakaa sawa saa 3 usiku. Wapeni wapigaji saa 2 za kujaribu. Dakika 20 za kupigapiga maiki na kusema “moja, mbili” hazitoshi kupanga njia tatu za gitaa moja.

Mwisho, ombi kwa wenye kumbi: wekeni kipima sauti kwenye meza ya fundi, na vizibo vya masikio mlangoni pale pale mnapouza maji.

Mafundi mitambo,
Dodoma